Kupe Mmoja, Magonjwa Mengi: Jua Ugonjwa Kabla ya Kudunga Sindano

Maelezo kwa wafugaji, yaliyotayarishwa kusomwa katika mabaraza ya wadi za Kaunti ya Kajiado. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Ng'ombe akisusia malisho asubuhi, masikio yamelegea na pua imekauka, wafugaji wengi hufanya jambo moja. Kijana hutumwa agroveti kununua chupa ya oksitetrasaiklini, ile dawa inayouzwa kwa nguvu ya asilimia 10 au 20, na sindano hudungwa kabla jua halijawa kali. Wakati mwingine ng'ombe husimama siku ya tatu na kuanza kula. Wakati mwingine hufa siku ya tano, na mwenyewe husema aliuziwa dawa bandia.

Huenda dawa haikuwa bandia. Huenda ilikuwa dawa nzuri iliyopewa ugonjwa usio wake. Hilo ndilo jambo kuu la maelezo haya. Kupe wanaomnyonya ng'ombe mmoja wanaweza kumletea magonjwa kadhaa. Magonjwa hayo hufanana siku za mwanzo, lakini dawa zake si moja. Anayetibu bila kujua ugonjwa anabahatisha na mali yake mwenyewe, na kama itakavyoonekana, anabahatisha na afya ya watu wa boma lake pia.

VIINI VYA AINA TATU

Magonjwa yanayoenezwa na kupe husababishwa na viini vya aina tatu.

Kuna bakteria. Hawa ndio wanaoleta anaplasmosi, ambayo baadhi ya wafugaji huiita ndigana baridi, na ugonjwa wa moyo kujaa maji. Bakteria hawa huuawa na oksitetrasaiklini ikitolewa mapema na kwa kipimo sahihi.

Kuna protozoa, viumbe wadogo wasio bakteria. Hawa huleta ndigana kali, ambayo Wamaasai huiita oltikana, na ugonjwa wa mkojo mwekundu, yaani babesiosi. Ng'ombe mwenye ndigana kali hawezi kuponywa na oksitetrasaiklini. Dawa yake ni buparvakwoni au ya jamii hiyo, nayo inafaa zaidi ikitolewa siku za mwanzo. Mkojo mwekundu una dawa zake nyingine.

Kisha kuna virusi. Mfano ni ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, uliotambuliwa mwaka 1910 karibu na jiji hilo. Huhara damu, hutupa mimba na kuua kondoo na mbuzi, hasa wale walioletwa kutoka mahali pasipo na kupe hadi mahali penye kupe wengi. Hauna dawa ya kuua kiini chake.

Kwa hivyo chupa ile moja inafaa kwa aina moja tu kati ya aina tatu.

KUPE WATATU WA KUFAHAMU

Kupe wote si sawa, na mfugaji akiwatazama kwa makini anaweza kukisia hatari iliyopo.

Wa kwanza ni kupe wa bluu. Ni mdogo, na jike aliyeshiba huwa na rangi ya kijivu cha samawati. Hukaa juu ya mnyama mmoja tangu akiwa mchanga hadi akomae, kwa muda wa takriban wiki tatu, kisha huanguka kutaga mayai. Huyu hueneza anaplasmosi na mkojo mwekundu. Kiini cha mkojo mwekundu hupita ndani ya mayai yake, kwa hivyo watoto wake huzaliwa tayari wakiwa na ugonjwa wa kuambukiza.

Wa pili ni kupe wa kahawia wa masikioni. Jina lake linasema mahali anapopenda kukaa. Huhitaji wanyama watatu katika maisha yake: mmoja akiwa mchanga, mwingine akiwa wa makamo, na wa tatu akishakomaa. Huyu ndiye anayeleta ndigana kali na ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Akinyonya damu yenye kiini katika hatua moja, hukipeleka kwa mnyama anayemshika katika hatua inayofuata.

Wa tatu ni kupe mwenye madoadoa. Ni mkubwa, ana miguu yenye mistari na mgongo wenye rangi za kupendeza. Hupenda kwenye kiwele, kinena, kwapa na chini ya mkia. Mdomo wake ni mrefu na huacha kidonda kinachoweza kuoza na kuharibu chuchu. Jike mmoja wa jamii hii anaweza kutaga hadi mayai 20,000. Huyu hueneza ugonjwa wa moyo kujaa maji, na pia hubeba bakteria anayewaletea watu homa ya kupe.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1893 nchini Marekani, Theobald Smith na Fred Kilborne walithibitisha kwamba kupe ndiye aliyekuwa akieneza ugonjwa wa mkojo mwekundu kwa ng'ombe. Mwaka 1910 nchini Afrika Kusini, Arnold Theiler alieleza kiini cha anaplasmosi. Na hapa Kenya, Robert Daubney wa maabara ya mifugo ya Kabete alichapisha mwaka 1930 ushahidi kwamba kupe mwenye madoadoa wa eneo hili ndiye anayewaambukiza kondoo ugonjwa wa moyo kujaa maji. Kabete bado ni makao ya maabara kuu ya mifugo ya taifa.

ANAPLASMOSI: UGONJWA WA NG'OMBE MKUBWA

Bakteria wa anaplasmosi huingia ndani ya chembe nyekundu za damu. Mwili wa ng'ombe wenyewe huziharibu chembe hizo, na damu hupungua. Ufizi na utando wa ndani wa jicho hupauka, kisha huwa wa manjano. Mavi hukauka na kuwa magumu. Maziwa hupotea ghafla. Ng'ombe hudhoofika, na akikimbizwa anaweza kuanguka na kufa kwa kukosa pumzi. Mkojo hauwi mwekundu, na hiyo ni njia moja ya kuutofautisha na babesiosi.

Ndama wa chini ya mwaka mmoja kwa kawaida hauugui sana, hata akiambukizwa. Ng'ombe wa zaidi ya miaka miwili anayeambukizwa kwa mara ya kwanza ndiye hupata shida kubwa. Hii ndiyo sababu ng'ombe wa gredi aliyelelewa ndani ya zizi safi, akinunuliwa kwa bei kubwa na kupelekwa kwenye malisho yenye kupe, hufa huku zebu wa jirani wakiendelea kula nyasi. Zebu hao walikutana na bakteria wakiwa ndama. Ukame wa kati ya 2020 na 2023 uliua mifugo wengi, na wafugaji wengi walilazimika kununua wengine kutoka mbali. Anayenunua mnyama kutoka mbali anapaswa kuuliza alikolelewa kulikuwa na kupe au la.

Ng'ombe aliyepona anaplasmosi anaweza kubaki na bakteria katika damu yake bila dalili yoyote. Damu hiyo ikifika kwa mwingine, ugonjwa huhama, na kupe si lazima awepo. Inzi wanaouma wanaweza kuibeba. Kisu cha kukatia pembe kinaweza kuibeba. Sindano moja inayodunga ng'ombe 20 bila kubadilishwa inaweza kuibeba pia. Mfugaji anaweza kueneza ugonjwa kwa sindano ileile anayotumia kuutibu.

MOYO KUJAA MAJI: MBUZI ANAYEPIGA HATUA NDEFU

Ugonjwa huu hushika ng'ombe, kondoo na mbuzi. Homa hupanda ghafla. Mnyama huanza kunyanyua miguu juu kuliko kawaida anapotembea, huzunguka, hutafuna bila kitu mdomoni, kisha huanguka na kutupa miguu kama anayeogelea. Wengine hufa kabla ya dalili kuonekana. Akipasuliwa, mfuko unaozunguka moyo hukutwa umejaa maji, na mara nyingi kifua pia.

Wengi wakiona mnyama akitetemeka na kuzunguka hudhani amekula majani yenye sumu au ana kichaa cha mbwa. Hapo tahadhari inahitajika. Mnyama mwenye dalili za kichwani asiingizwe mkono mdomoni, na nyama yake isiliwe kabla ya daktari wa mifugo kumkagua. Uthibitisho wa moyo kujaa maji hupatikana kwa kutazama kipande kidogo cha ubongo kwa darubini, kazi ambayo ni ya mtaalamu peke yake.

Wanyamapori kama nyati na nyumbu wanaweza kubeba bakteria huyu bila kuonyesha ugonjwa. Katika kaunti ambayo mifugo na wanyamapori hutumia malisho mamoja, kuanzia nyanda za Amboseli hadi kingo za mto Ewaso Ng'iro Kusini, kupe hutembea pamoja nao. Haiwezekani kumaliza kupe wote. Kinachowezekana ni kupunguza wanaomshika mnyama wa nyumbani.

KWA NINI WENGI HUAMINI OKSITETRASAIKLINI HUTIBU NDIGANA KALI

Kosa hili lina chanzo chake, na ni vyema lielezwe waziwazi.

Chanjo ya ndigana kali ilitengenezwa Muguga, Kaunti ya Kiambu, na watafiti walioikamilisha katika miaka ya 1970. Huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji yenye baridi kali. Ng'ombe hupewa kiini hai cha ugonjwa, na papo hapo hudungwa oksitetrasaiklini inayodumu mwilini kwa muda mrefu. Dawa hiyo hupunguza makali ya kiini kinapoanza kuingia, ili mwili upate nafasi ya kujifunza kujikinga. Kinga hiyo hudumu kwa miaka mingi, na wafugaji wengi wa Kimaasai, hasa ng'ambo ya mpaka kaskazini mwa Tanzania, wameitumia kuokoa ndama wao.

Mfugaji anayeona sindano hiyo ikidungwa siku ya chanjo husema, kwa haki, kwamba dawa hii ni ya ndigana. Lakini siku ya chanjo kiini ndiyo kwanza kinaingia. Tezi zikishavimba chini ya masikio na mbele ya bega, macho yakitoa machozi na pumzi ikianza kukwama, kiini kimekwisha kuenea, na oksitetrasaiklini haiwezi kukifikia. Kila siku inayopita mfugaji akingojea ifanye kazi ni siku iliyopotea kwa buparvakwoni.

Jambo la pili kuhusu chanjo: hukinga ndigana kali peke yake. Haizuii anaplasmosi, mkojo mwekundu wala moyo kujaa maji. Aliyechanja na kuacha kuogesha ameziba mlango mmoja wa nyumba yenye milango minne.

WATAFITI WAMEKUTA NINI

Kati ya 2007 na 2010, watafiti walifuatilia ndama 548 wa zebu magharibi mwa Kenya, tangu kuzaliwa hadi kukaribia mwaka mmoja. Ndama 88 walikufa. Kati ya vifo vilivyotokana na maambukizi, ndigana kali iliongoza, ikifuatwa na minyoo ya tumbo inayonyonya damu, kisha moyo kujaa maji. Wengi wa ndama hao hawakuwa na kiini kimoja mwilini. Walikuwa na viwili, vitatu au zaidi kwa wakati mmoja. Kwa mfugaji, maana yake ni kwamba kutibu kupe na kusahau minyoo ni kazi nusu. Damu inayonyonywa na minyoo ni ileile inayoharibiwa na anaplasmosi.

Watafiti wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, chenye makao yake Nairobi, wamekusanya kupe katika sehemu nyingi za nchi: kwenye mifugo na wanyama watambaao kandokando ya Ziwa Victoria na Ziwa Baringo, katika hifadhi ya Shimba Hills kule Kwale, katika Maasai Mara, na kwa ngamia wa kaskazini. Kupe huokotwa mmoja mmoja, huhifadhiwa kwenye baridi, hutambuliwa aina yake, husagwa, na chembe za urithi za viini vilivyomo husomwa kwa mashine. Kwa njia hiyo wamewakuta bakteria wa jamii ya anaplasma, erlikia na riketsia, wengine wakiwa hawajawahi kutajwa katika maeneo hayo. Kule Laisamis, Kaunti ya Marsabit, anaplasma wa ngamia amekutwa pia ndani ya inzi wanaonyonya damu ya ngamia.

Hata hivyo, watafiti wenyewe hutoa onyo. Kukuta kiini ndani ya kupe aliyetoka kunyonya hakuthibitishi kwamba kupe huyo hukieneza. Huenda ni damu tu aliyokunywa kwa mnyama mgonjwa. Ndiyo maana utafiti bado unaendelea, na ndiyo maana mfugaji anayeombwa kutoa damu ya ng'ombe wake au kuruhusu kupe waokotwe anachangia jambo la maana. Ana haki ya kuuliza kazi hiyo ni ya nini, na ana haki ya kuletewa majibu.

HOMA YA BOMA: BAKTERIA HAWA NA WATU

Sehemu hii inawahusu zaidi akina mama wanaokamua, vijana wanaochunga, na wahudumu wa afya.

Upande wa pili wa Kilimanjaro, katika mji wa Moshi, watafiti waliwapima wagonjwa 870 waliolazwa hospitalini kwa homa kati ya 2007 na 2008. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528. Vipimo vya makini vilionyesha kwamba malaria ndiyo iliyokuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 peke yao. Bakteria wanaotoka kwa wanyama walikutwa kwa wagonjwa 118. Kati ya hao, 40 walikuwa na leptospirosi, 36 walikuwa na homa ya kupe ya jamii ya riketsia, 24 walikuwa na homa ya Q, na 16 walikuwa na brusela.

Moshi si mbali na Loitokitok. Mlima ni uleule, na mifugo ya pande zote mbili hubeba magonjwa ya jamii moja.

Homa ya kupe huja siku chache baada ya kuumwa. Kichwa huuma sana, misuli huuma, na mara nyingi mahali kupe alipouma huwa na kidonda kidogo chenye kigaga cheusi, kama ngozi iliyoungua. Mtu aliyeona kidonda kama hicho amwonyeshe mhudumu wa afya hata kama kiko sehemu ya siri. Dawa yake ipo na ni ya kawaida, lakini si dawa ya malaria.

Homa ya Q huletwa na bakteria anayeweza kukaa ndani ya kupe, lakini watu wengi huipata kwa njia nyingine. Mbuzi, kondoo au ng'ombe mwenye ugonjwa huu akizaa au kutupa mimba, maji ya uzazi na kondo huwa na bakteria wengi mno. Yakikauka huwa vumbi, na vumbi huvutwa puani. Uchunguzi uliofanywa Asembo, Kaunti ya Siaya, ulikuta alama za maambukizi haya katika damu ya watu na pia ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wao. Kwa hivyo mimba iliyotupwa isishikwe kwa mikono mitupu, isitupiwe mbwa, na ifukiwe mbali na boma. Mama mjamzito asisaidie mbuzi kuzaa.

Kuhusu brusela, wakazi wengi wameambiwa wanayo baada ya kipimo cha haraka cha tone la damu. Utafiti uliofanywa katika hospitali za magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2017 uligundua kwamba kipimo hicho kilikuwa kikitoa majibu ya uongo kwa wingi. Anayeambiwa ana brusela aulize kama kuna kipimo cha pili cha kuthibitisha, kwa sababu matibabu yake huchukua wiki nyingi na hutumia dawa zaidi ya moja. Na kwa yeyote, mwenye brusela au asiye nayo, maziwa yachemshwe.

Swali moja linaweza kuokoa maisha zahanati. Mgonjwa wa homa aseme: "Mimi nafuga," na aeleze kama kuna mnyama aliyetupa mimba au kama aliumwa na kupe. Mhudumu asipoambiwa, aulize.

YA KUFANYA

Mapendekezo yafuatayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji utaratibu.

1. Damu kwanza, sindano baadaye. Mnyama akiugua, mwite daktari au msaidizi wa mifugo aliyesajiliwa kabla ya kudunga chochote. Atachukua tone la damu kwenye ncha ya sikio, na maji ya tezi ikiwa imevimba, na kulipaka kwenye kioo. Dawa ikitangulia, kiini kinaweza kutoweka katika damu na ukweli usijulikane. Mbali na Kabete, kuna maabara za kanda za uchunguzi wa mifugo, zikiwemo za Nakuru, Karatina, Eldoret na Mariakani.

2. Mnyama akifa ghafla, asipasuliwe. Damu ikitoka puani au njia ya haja, huenda ni kimeta, ugonjwa unaoua watu. Toa habari kwanza.

3. Ogesha kwa ratiba. Panga siku moja maalumu ya wiki na uifuate mvua au jua. Changanya dawa kama karatasi yake inavyosema, bila kukadiria kwa kifuniko cha chupa. Dawa ikiwa nyepesi, kupe dhaifu hufa na sugu hubaki kuzaa. Nchini Uganda kupe wasiosikia dawa za aina kadhaa wamethibitishwa, na kupe hawajui mpaka.

4. Fika kila mahali. Nyunyizia hadi mnyama alowe kabisa na maji yatiririke, kisha rudi ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani, kwenye kiwele na katikati ya kwato. Hapo ndipo kupe wa kahawia na wa madoadoa hujificha. Simama upande unaotoka upepo, vaa glavu, na usimwage mabaki mtoni wala kwenye silanga.

5. Usitumie dawa ya nyanya kwa ng'ombe. Dawa za mimea si za ngozi ya mnyama, na mabaki yake huingia kwenye maziwa.

6. Sindano mpya kwa kila mnyama. Ikishindikana, sindano ichemshwe kabla ya kumfikia mwingine. Visu vya kukatia pembe na koleo za kuhasi zioshwe na kusafishwa kwa dawa.

7. Heshimu muda wa kusubiri. Kila chupa ya dawa huandikwa siku ambazo maziwa hayapaswi kunywewa wala kuuzwa. Kuchemsha maziwa huua viini lakini hakutoshi kuondoa mabaki ya dawa. Mtoto anayekunywa mabaki hayo kila siku, na bakteria wanaoyazoea, watajikuta siku moja hospitalini mahali ambapo dawa haifanyi kazi tena.

8. Mgeni akae pembeni. Mnyama aliyenunuliwa sokoni Bissil, Kimana au kwingineko atengwe, aogeshwe na aangaliwe kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuchanganywa na wengine.

9. Fahamu njia mpya bila kuacha za zamani. Watafiti wa icipe wamechunguza ukungu unaoua kupe, aina iliyopewa jina la ICIPE 7, ili kupunguza kutegemea kemikali. Ni hatua nzuri, lakini kwa sasa ratiba ya kuogesha ndiyo ngao ya kila siku.

KAZI YA KILA MMOJA

Katiba ya 2010 iliweka udhibiti wa magonjwa ya mifugo mikononi mwa kaunti. Hiyo ina maana kwamba mkazi ana ofisi ya kuuliza karibu naye: ofisi ya mifugo ya wadi na ya kaunti ndogo. Ina maana pia kwamba ofisi hiyo haiwezi kujua ugonjwa ambao haujaripotiwa. Mbuzi watatu waliokufa Mashuuru wiki moja na wanne waliokufa Isinya wiki iliyofuata ni bahati mbaya machoni pa wenyewe. Machoni pa ofisi iliyopata habari zote mbili, huo unaweza kuwa mlipuko unaohitaji kuzuiwa leo.

Wenye agroveti nao wana sehemu yao. Mteja akifika na kusema ng'ombe ni mgonjwa, swali la kwanza lisiwe anataka chupa ya ukubwa gani. Liwe: tezi zimevimba? Mkojo una rangi gani? Ufizi ukoje? Mavi yakoje? Ni mkubwa au ndama? Ametoka wapi? Maswali hayo sita hayagharimu shilingi, na majibu yake yanaweza kumrudisha mteja huyo nyumbani akiwa na nambari ya simu ya daktari badala ya dawa isiyofaa.

Chupa ya oksitetrasaiklini si adui. Imeokoa ng'ombe na mbuzi wengi wenye anaplasmosi na moyo kujaa maji, na itaendelea kuwaokoa ikitumiwa panapostahili. Kila inapodungwa kwa ugonjwa usio wake, mfugaji hupoteza fedha, ng'ombe hupoteza siku zake za kupona, na dawa yenyewe hupoteza nguvu kidogo kidogo.

Mwenye swali asiondoke nalo. Maafisa wa mifugo na wa afya ya umma wa wadi wapo barazani kujibu, na baada ya baraza watapatikana ofisini siku za kazi. Aliye na mnyama mgonjwa nyumbani sasa hivi aanze yeye.